Dubwana Lako Limekosea Wapi? Utatuzi wa matatizo kwa anayeanza kufuma, pamoja na muziki wa kufumia

Kwa anayeanza kufuma, sijaona kazi nzuri kuliko dubwana la kuchezea. Sweta likipanuka upande mmoja halivaliki, lakini dubwana lenye mkono mmoja mrefu linabaki kuwa dubwana. Kwa sababu hiyo wengi huambiwa wasijali makosa, na hapo ndipo wanapopotea. Kuna makosa yanayokaa mahali pake miaka yote, na kuna makosa yanayoendelea kutembea ndani ya kitambaa baada ya wewe kukata uzi. Haya ya pili ndiyo yanayofanya dubwana litoe pamba kwapani baada ya wiki mbili za kukumbatiwa.

Kila tatizo hapa chini nimelipima kwa maswali mawili. Je, litafumuka? Je, linaweza kumdhuru atakayelichezea? Jibu la lolote kati ya hayo likiwa ndiyo, rekebisha, hata kama ni usiku na umebakiza pembe moja tu. Likiwa hapana, uamuzi ni wako, na mimi mara nyingi huliacha.

Maneno machache kwanza, tuelewane. Ninaposema kitanzi nina maana ya kila duara la uzi lililokaa kwenye sindano. Kitanzi cha mbele ni kile kinachoacha alama ya V upande unaokutazama. Cha nyuma huacha kinundu. Ukifuma vitanzi vya mbele tu, kwenda na kurudi, kitambaa kinatoka na matuta kama ya shamba, na kila tuta moja ni mistari miwili. Vipimo ninavyotumia ni vya uzi wa unene wa wastani kwenye sindano za milimita 3.25, ambao kwangu hutoa takriban vitanzi 24 kwa sentimita 10.

"Nilianza na vitanzi 30, sasa ninavyo 34"

Hili humpata karibu kila mtu, na chanzo chake si kimoja. Kabla ya kufumua chochote, tandaza kipande mezani utazame kingo zake.

Kingo zikiwa zinapanuka taratibu kama pembetatu iliyogeuzwa juu chini, kosa liko kwenye kitanzi cha kwanza cha kila mstari. Unapogeuza kazi, uzi hubaki ukining'inia mbele. Mtu anataka kuupeleka nyuma ili aanze, anauvuta juu, unapita juu ya sindano. Kitanzi cha kwanza kinanyanyuka, miguu yake miwili inapanda na kukaa kwenye sindano kama vitanzi viwili. Unavifuma vyote. Kila mstari unakupa kimoja cha ziada, wala huoni tundu lolote la kukushtua. Dawa yake ni tendo la sekunde moja: ukishageuza kazi, vuta uzi chini kwanza, hakikisha unaona kitanzi kimoja tu ukingoni, kisha uupeleke nyuma kwa kupita chini ya ncha ya sindano.

Kingo zikiwa zimenyooka lakini ndani kuna vitundu, umezungusha uzi juu ya sindano mahali ambapo hukukusudia. Mara nyingi hutokea pale unapobadili kutoka kitanzi cha mbele kwenda cha nyuma bila kuupitisha uzi katikati ya sindano mbili. Ukiligundua kwenye mstari unaofuata, una bahati: kidondoshe tu hicho kitanzi cha ziada kwenye sindano. Hakikufumwa popote, kwa hiyo hakitafumuka, na ulegevu wake utagawanywa kwa majirani zake.

Tundu moja kubwa, tena upande mmoja wa kipande umekuwa na mistari miwili zaidi ya mwingine? Uliacha kazi katikati ya mstari, ukarudi, ukaanza kufuma kuelekea ulikotoka. Kwa anayetumia mkono wa kulia, uzi unaokwenda kwenye mpira wako wa uzi lazima uwe unatoka kwenye sindano ya kulia kabla hujaendelea. Na kwa kuwa sababu kubwa ya watu kuacha kazi katikati ya mstari ni kuinuka kwenda kubadilisha wimbo, ninaomba kwa dhati: wimbo mbaya uvumilie hadi mwisho wa mstari. Vitanzi 30 ni kama dakika moja na nusu kwa anayeanza.

Chanzo cha mwisho ni ncha ya sindano kupasua uzi. Uzi umesokotwa kwa nyuzi ndogo kadhaa. Sindano ikiingia katikati yake, kitanzi kimoja kinazaa viwili vyembamba. Vitambue kwa wembamba wao, uvifume pamoja.

Je, ufumue kila kitu? Vitanzi 4 vya ziada visivyo na matundu havitaharibu dubwana. Fuma viwili kwa pamoja mara nne kwenye mstari unaofuata, ukiviachia nafasi, na utakuwa umerudi kwenye 30. Baada ya hapo hesabu kila baada ya mistari minne.

"Vitanzi vimepungua, na kuna ngazi inateremka"

Hapa jibu la swali la kwanza ni ndiyo, kwa hiyo usiendelee na kitanzi hata kimoja. Kitanzi kilichochomoka kwenye sindano humwachia aliye chini yake, naye humwachia wa chini yake, na kinachobaki ni nyuzi za mlalo kama vidato vya ngazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kidato kimoja ni kazi ya nusu dakika, vidato 20 ni jioni nzima.

Kwanza kichome kile kitanzi kwa pini ili kisiendelee kushuka. Pumua. Kisha chukua kulabu ya kroshia, geuza kazi uutazame upande wa V, ingiza kulabu kwenye kitanzi kutoka mbele, nasa kidato kilicho juu yake moja kwa moja, ukivute kipite ndani ya kitanzi. Una kitanzi kipya, kidato kimoja juu zaidi. Panda hivyo hadi juu, ukirudishe kwenye sindano. Kwenye kitambaa cha matuta lazima ubadilishe upande kwa kila kidato: kimoja unakivuta kuja kwako, kinachofuata unageuza kazi. Fanya mara tatu kwenye kipande cha majaribio ambacho umekidondosha kitanzi makusudi, na hofu ya ngazi itakutoka kabisa.

Ukikigundua baada ya dubwana kushonwa na kujazwa, huwezi tena kupanda ngazi, lakini unaweza kukifunga pale kilipo. Pitisha uzi wa rangi ileile ndani ya kitanzi kilichoanguka, kishikize kwa vitanzi viwili vya jirani, fundo liende ndani.

Vitanzi vikipungua bila ngazi wala tundu, umefuma viwili pamoja kwa bahati mbaya. Hilo halifumuki. Ongeza kimoja ukitaka.

"Sioni vitanzi vyangu kabisa"

Chanzo ni uzi. Dubwana humshawishi mtu anunue uzi wenye manyoya marefu, na ninamwelewa, maana dubwana lenye manyoya linapendeza mno. Lakini uzi huo huficha vitanzi vyote, na ukitaka kufumua manyoya yanashikana na kugoma. Uzi mweusi nao una shida hiyo, hasa chini ya taa. Mwili wa dubwana la kwanza ufume kwa uzi laini, wenye rangi nyepesi, uliosokotwa vizuri. Manyoya yaweke kwenye nywele, mkia na nyusi, mahali ambapo kitanzi kikipotea hakuna atakayekitafuta. Kama tayari umeshaanza na wa manyoya na hutaki kurudi nyuma, fuma vitanzi vya mbele tu na uhesabu kwa kidole badala ya jicho. Kila kitanzi hujisikia kama kifundo kidogo juu ya sindano.

"Tumbo limebana katikati kama limefungwa mkanda"

Nilikuwa na dubwana la kijani ambalo tumbo lake lilikuwa na upana wa sentimita 12 chini, 12 juu, na 11 katikati. Vitanzi vilikuwa vilevile, 29, mstari hadi mstari. Nilihesabu mara tatu. Nikakichukua kipande nikakiinamisha dirishani, na mwanga ukaonyesha wazi: mistari sita iliyobana, imeanza ghafla na kuisha ghafla. Nikakumbuka nilichokuwa ninasikiliza. Ilikuwa rumba. Imeanza polepole, waimbaji wanabembeleza, mikono yangu inatembea nao. Kisha sebene ikaingia, magitaa yakachangamka, na bila kujua nikaanza kufuma kwa kasi yao.

Mkono ukiharakisha, mambo mawili hutokea. Watu wengi huuvuta uzi kidogo baada ya kila kitanzi, kama anayekaza fundo. Tena hufuma kwenye ncha kabisa ya sindano, ili wasipoteze muda kukisogeza kitanzi. Ncha ya sindano ni nyembamba kuliko shina lake, na kitanzi kilichotengenezwa kwenye ncha kinatoka kidogo. Wapo ambao kasi huwalegeza badala ya kuwakaza, kwa hiyo jipime mwenyewe: fuma mistari 10 kwa wimbo wa polepole, mistari 10 kwa wimbo wa kasi, upime upana wa kila sehemu kwa rula. Utashangaa kipimo hicho kinavyokueleza kuhusu mikono yako.

Tangu siku ile mwili wa dubwana ninaufuma kwa muziki wa mwendo mmoja, na sebene ninaiwekea akiba ya vitu visivyojali vipimo: pembe, mikia, vishungi vya nywele, vidole. Kila kitanzi kikifika mwisho, kisukume hadi kwenye shina la sindano kabla ya kuuachia uzi. Hilo tu huondoa nusu ya tofauti.

Dubwana la kijani sikulifumua. Mistari iliyobana haiendi popote, na likishajazwa lilipata kiuno.

"Mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine"

Hesabu ilipotea. Unapohesabu kimoyomoyo unatumia maneno, na wimbo nao una maneno. Viwili hivyo vinagombania mlango mmoja. Mimi mashairi ya taarabu siwezi kuyasikiliza huku ninahesabu kupunguza vitanzi vya kichwa. Fumbo linapoanza kufumbuka, namba imeshaondoka. Kwa hiyo nyimbo zenye maneno mazito ninaziweka kwenye mistari myepesi isiyo na mabadiliko, na panapohitaji kuongeza au kupunguza ninapiga muziki wa ala tupu: kinanda, kora, ngoma, udi.

Njia ya uhakika zaidi ni kuacha kuhesabu mistari kabisa. Kwenye kitambaa cha matuta hesabu matuta baadaye, yapo pale hayakimbii: matuta 20, mistari 40. Au fuma miguu yote miwili kwa wakati mmoja kwenye sindano moja, kila mguu na mpira wake wa uzi. Ukimaliza mstari wa mguu wa kwanza, unauachia uzi wake, unachukua wa pili. Miguu itamalizika siku moja na kwa urefu mmoja, hata kama umeimba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Pamba inaonekana nje"

Dubwana langu la pili lilikuwa la zambarau, na nililipenda kwa moyo wote. Nikampa binti wa dada yangu. Akaligeuza, akalivuta mbavuni, akauliza kwa sauti ya huruma, "Mamdogo, mbona utumbo wake unaonekana?" Na kweli, katikati ya kila kitanzi kulikuwa na nukta nyeupe.

Nilifuata ukubwa wa sindano ulioandikwa kwenye karatasi ya uzi, milimita 4. Ukubwa ule umekusudiwa nguo, kitu kinachotakiwa kuning'inia na kupitisha hewa. Mwanasesere anataka kitambaa kizito kinachoshika. Shuka nusu milimita hadi milimita moja: kama karatasi inasema 4, tumia 3.25 au hata 3. Kipime kabla ya kuendelea: vuta kipande cha majaribio juu ya ncha za vidole vyako, ukielekeze kwenye mwanga. Ukiona kucha, pamba nayo itaonekana.

Kama dubwana limeshafumwa na hutaki kurudia, kata soksi nzee ya rangi inayokaribiana, itie ndani iwe kama ngozi ya pili, ndipo ujaze. Vipande vya nyuzi vilivyobaki vya rangi ileile vinaweza pia kuwekwa kati ya pamba na kitambaa. Na punguza ujazo. Dubwana lililoshindiliwa hadi kitambaa kikatanuka litaonyesha pamba hata kama sindano zako zilikuwa sahihi. Lile la zambarau nilifumua mshono wa mgongoni, nikaliwekea soksi, nikalirudisha kwa mwenyewe.

"Vidole vinauma na sindano haiingii"

Tatizo kinyume cha hilo. Umekaza uzi kwa hofu ya kudondosha vitanzi. Panda sindano kwa nusu milimita, na uuache uzi upite kwenye vidole bila kuuzungusha mara nyingi kwenye kidole kimoja. Na pumzika. Upande mmoja wa santuri kubwa huchukua takriban dakika 20. Ukiisha, weka kazi chini, nyoosha viganja, zungusha mabega. Asiye na santuri ahesabu nyimbo tano. Maumivu yakiendelea hata baada ya kupumzika siku kadhaa, hayo si ya kuvumilia kwa ajili ya mwanasesere yeyote. Mwone mtaalamu wa afya.

"Kipande kinajikunja" na "vitanzi vimekaa kimsalaba"

Kitambaa chenye V upande mmoja na vinundu upande wa pili hujikunja kingoni kwa asili yake. Hujakosea. Kikishashonwa na kujazwa kitatulia.

V ambazo miguu yake imepishana kama mikono iliyokunjwa kifuani zinatokana na kuingiza sindano nyuma ya kitanzi, au kuuzungusha uzi upande usiofaa unapofuma vitanzi vya nyuma. Havifumuki. Lakini kitambaa kinakuwa kigumu, na kama nusu ya dubwana iko hivyo na nusu haiko, tofauti itaonekana kwa upana. Rekebisha mwendo wako, kilichokwisha kiache.

"Ninafuma kwa mzunguko na mambo hayaendi"

Kama bomba lako limejipinda, kitambaa kinazunguka sindano kama mkanda uliogeuzwa, vitanzi vya kuanzia vilipinda kabla hujaviunganisha. Hakuna dawa zaidi ya kufumua, kwa hiyo kabla ya kuunganisha tandaza sindano mezani, uhakikishe sehemu ya chini ya vitanzi vyote inatazama ndani.

Kama ngazi nyembamba zinapanda pale sindano mbili zinapokutana, kitanzi cha pili cha kila sindano ndicho cha kukazwa zaidi ya kile cha kwanza. Au hamisha makutano hayo kwa kitanzi kimoja au viwili kila mzunguko, ulegevu usikae mahali pamoja. Tundu linalobaki juu ya kichwa, pale ulipopitisha uzi kwenye vitanzi vya mwisho na kuvuta, linatokana na kuacha vitanzi vingi mno. Punguza hadi vibaki 6 au 8, upitishe uzi mara mbili ndipo uvute.

"Lina mabonge, na kichwa kinalala begani"

Mabonge hutengenezwa na mikono yetu. Tunachukua vipira vidogo vya pamba, tunavisukumiza kimoja kimoja, na kila kimoja kinabaki kuwa kipira milele. Chukua badala yake fumba kubwa la pamba ya poliesta, lichambue kwa vidole hadi liwe jepesi kama wingu, nyuzi zake zote zikiwa zimeachana. Pembe na vidole vijaze kwanza, kwa vipande vidogo sana, ukisukuma kwa upande butu wa penseli. Kisha katikati kwa mafumba makubwa. Kila baada ya fumba moja libingirishe dubwana kati ya viganja.

Kichwa kinalala kwa sababu ulijaza kichwa, ukajaza mwili, na shingoni hapana kitu. Tengeneza gombo la pamba iliyobana, unene wa kidole gumba au zaidi kufuatana na shingo, lipite kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya kifua, ndipo ujaze pande zake. Kama limeshashonwa, pitisha uzi imara kutoka kidevuni hadi kifuani mara mbili tatu, uvute kidogo.

Kuhusu sufi, ile pamba ya mti wa msufi: ni laini na nyepesi, na ninaipenda, lakini ikilowa hushikamana mabonge. Iwekee dubwana la kukaa rafuni. Nafaka za kuongeza uzito ziache kabisa, huvutia wadudu na hazioshwi.

"Mkono umechomoka"

Angalia ulishona wapi. Wengi hushika kitanzi kimoja hapa na kimoja pale, na mtoto humshika dubwana kwa mkono, siku zote. Shona mzunguko wote wa bega, sindano ikipita chini ya miguu yote miwili ya V, upande wa mwili na upande wa mkono. Kisha zunguka tena mara ya pili. Ndiyo maana unapofunga vitanzi vya mkono uache mkia wa uzi wa sentimita 30. Ukimaliza, zamisha mkia ndani ya mwili, utokee upande mwingine, urudi kwa njia nyingine, urudi tena mara ya tatu, ndipo ukate. Fundo peke yake juu ya uzi unaoteleza hufunguka.

"Macho: linaonekana na hasira, au limekosa moja"

Uso ni jambo la milimita. Macho yaliyo mbali na yaliyo chini ya nusu ya kichwa hufanya dubwana liwe kama mtoto. Yakipanda na kukaribiana linakuwa kali. Nyusi zinazoteremka kuelekea puani ni hasira, zinazopanda kuelekea katikati ni huzuni. Kabla ya kushona, yabandike kwa pini, weka dubwana upande wa pili wa chumba, usikilize wimbo mmoja hadi mwisho, ndipo ulitazame tena. Jicho lililozoea halioni kosa.

Sasa la usalama, na hapa sina uamuzi wa kukuachia. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, usitumie vifungo wala macho ya plastiki, hata yale yanayofungwa kwa kitufe ndani. Yakichomoka ni kitu cha kumkaba. Macho ya mtoto huyo yatarizi kwa uzi. Kwa wakubwa, macho ya plastiki hufungwa kabla ya kujaza, maana kitufe chake kiko ndani. Na kitambaa kiwe kimeshikana kiasi kwamba kitufe hakiwezi kupenya tundu la kitanzi. Vuta kwa nguvu zako zote. Na zihesabu pini zako kabla na baada.

"Nililiosha likawa dogo na gumu"

Lilikuwa la sufu ya kondoo. Maji ya moto na msuguano huzifanya nyuzi za sufu zishikamane, na haziachani tena. Sufu ioshe kwa maji baridi kwa kubonyeza, bila kusugua; kamulia ndani ya taulo, anika kwa kulaza. Uzi wa akriliki haushikamani hivyo lakini pasi ya moto huuharibu. Nyekundu na nyeusi zijaribu kwanza kwa kitambaa cheupe chenye maji: kikipata rangi, usichanganye na uzi mweupe kwenye dubwana moja.

"Tunafuma pamoja, lakini muziki unatugombanisha"

Kukaa watu wawili au watatu na sindano, kila mmoja na dubwana lake, kila mmoja na nyimbo anazotaka wenzake wazijue, ni raha ambayo sijui mfano wake. Ugomvi huja pale nyimbo zinaporukaruka: mmoja anaweka wake, mwenzake anaukatisha. Mpe kila mtu nusu saa nzima bila kuingiliwa. Mwenye zamu aseme neno moja juu ya kila wimbo kabla haujaanza, kwa nini anaupenda, kisha anyamaze. Na kuwe na ishara ya mtu anayehesabu. Sisi tuliokaa pamoja tulikuwa tunainua sindano moja juu, na sauti inapunguzwa hadi aishushe, bila kuuliza.

Kama ulimtumia rafiki nyimbo 60 na hakusikiliza hata moja, sababu ni hiyo 60. Mtumie tatu. Mwambie ni ipi ya kuanzia na asikilize wapi: "Subiri filimbi iingie baada ya ubeti wa pili." Mtu akijua anachosubiri, atafika.

Mimi kila dubwana ninaloligawa linakwenda na orodha ya nyimbo nilizolifumia. Mwanzoni nilituma viungo vya intaneti, na mara kadhaa nikajibiwa kuwa havifunguki: huduma za muziki hazifanani nchi hadi nchi, na nyimbo nyingine huondolewa. Siku hizi ninaandika kwa kalamu jina la wimbo, mwimbaji, na sehemu ya mwili: hii ni ya mguu wa kushoto, hii ya pembe. Karatasi inakaa kwenye mfuko mgongoni mwa dubwana. Kwa mfuko huo, anza na vitanzi 12, fuma mistari 16, funga. Kipande hicho cha sentimita 5 kwa 5 kishone pande tatu, juu uache wazi, na umwambie mwenyewe aitoe karatasi kabla ya kuosha.